Kinyozi Hajinyoi

Mazungumzo ya redioni juu ya afya ya wahudumu wa afya
Masomo: 1 Wafalme 19:1–18, Wafilipi 2:25–30

Tunajua kwamba saa hii wengine wenu mko mezani mkinywa chai, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa. Nyote tunawakaribisha. Na wewe utakayesoma maneno haya baadaye katika gazeti la kanisa, karibu vilevile.

Liko neno fupi la wazee wetu wa Pwani: kinyozi hajinyoi. Si kwamba kinyozi hajui kazi. Wembe anao, mkono wake ni mwepesi, na tangu asubuhi watu wametoka kwake wakiwa safi. Lakini kichwa chake mwenyewe hakioni. Hana budi kuketi kitini kama mteja, ainamishe shingo na kumwachia mwenzake wembe. Asipompata mwenzake, atakaa na nywele zake, ingawa yeye ndiye fundi wa mtaa mzima.

Leo tunataka kulichukua neno hilo tulipeleke zahanatini. Tuulize hivi: yule anayepima presha ya mtaa mzima, presha yake hupimwa na nani? Yule anayewaambia akina mama wapumzike, yeye hupumzika lini? Na yule anayepiga hodi katika nyumba za wagonjwa, nani hupiga hodi nyumbani kwake?

Ni akina nani hawa?

Tunaposema wahudumu wa afya ya msingi, tunamaanisha watu wale ambao mgonjwa hukutana nao kwanza. Ni muuguzi wa zahanati, mkunga, tabibu, mtu wa maabara, yule anayetoa dawa dirishani, na yule anayefagia na kuosha vyombo vyenye damu. Tena ni mhudumu wa afya ya jamii, ambaye hana chumba wala dirisha, bali hupita nyumba kwa nyumba na mfuko wake begani.

Mwezi wa Septemba mwaka 1978 wajumbe wa serikali nyingi za dunia walikutana katika mji wa Alma-Ata, katika nchi ambayo leo ni Kazakhstan. Wakakubaliana kwamba afya haianzi katika hospitali kubwa. Huanza karibu na nyumba za watu: kwa maji safi, chakula cha kutosha, chanjo, uzazi salama na dawa za lazima. Ni vyema Wakristo wakumbuke kwamba makanisa yalikuwa yamelisemea jambo hilo mapema. Mwaka 1968 Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliunda Tume ya Tiba ya Kikristo, na tume hiyo iliuliza kwa nini fedha nyingi za misheni ziishie ndani ya kuta za hospitali, hali wagonjwa wengi hawafiki hata langoni.

Hapa Kenya, tarehe 25 Septemba 2023, serikali iliwatuma kazini wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Walipewa mifuko yenye mashine ya kupimia presha, kifaa cha kupimia sukari, kipimajoto, mizani na vinginevyo. Mwezi uliofuata ikatiwa sahihi Sheria ya Afya ya Msingi. Kila mhudumu alikusudiwa kuangalia nyumba kama 100, na posho yake ikawekwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hebu gawanya mwenyewe. Hiyo ni shilingi 50 kwa nyumba moja, kwa mwezi mzima.

Mzigo wanaouchukua

Sasa twende pamoja kisiwani Mombasa, tuone kazi yenyewe. Tuache Ngome ya Yesu nyuma yetu, tufuate Ndia Kuu, kisha tuingie katika vijia vya Mji wa Kale. Vingine ni vyembamba hata gari la wagonjwa halifiki mlangoni. Mgonjwa hubebwa mikononi mpaka barabarani. Nyumba ni za ghorofa, na ngazi zake zimesimama karibu wima. Jua la Machi limekaa juu ya mabati.

Tumchukue mhudumu mmoja kama mfano, mama wa makamo, mwenye watoto wake na biashara ndogo ya mahamri ya asubuhi. Amefika mlango wa kwanza. Anaita hodi, kisha anangoja. Adabu ya mji huu ni kwamba huingii mpaka ukaribishwe, na ukiisha kukaribishwa huanzi na ugonjwa, unaanza na habari za watu wa nyumbani. Katika nyumba ya kwanza bibi amekataa dawa zake za presha. Katika ya pili mtoto hajamaliza chanjo. Katika ya tatu mama mjamzito amevimba miguu na kichwa kinamwuma, na mume yuko safarini. Katika ya nne kijana ameingia katika unga, na mama yake anamshika mhudumu mkono, analia, anamwomba asimwambie mtu.

Ikifika adhuhuri mama huyu amebeba nyumba nne moyoni mwake. Mfuko atautua akifika kwake. Siri hana mahali pa kuzitua, kwa maana ameahidi kuzitunza. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaomtazama kwa mbali tunaliona kanda lake jepesi, limejaa usufi. Yeye aliyelibeba anajua lina nini.

Tena ugonjwa wenyewe haumheshimu mhudumu. Mwishoni mwa mwaka 2017 na kuendelea mwaka 2018 Mombasa ilipatwa na homa ya chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde. Ugonjwa ulipotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953, watu waliuita hivyo kwa jinsi unavyomkunja mtu kwa maumivu ya viungo. Mbu wake huuma mchana, na huzaa katika maji safi yaliyotuama. Na sisi wa kisiwani tunajua maji ya mfereji yanavyokatika, hata kila nyumba huweka mapipa na ndoo. Mhudumu aliyepita kuwaambia majirani wafunike mapipa naye ana pipa lake nyumbani. Mbu hamwulizi mtu kitambulisho cha kazi.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 8 Aprili Mombasa ilifungwa, watu wasitoke wala wasiingie. Tarehe 6 Mei serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale peke yake, na ndugu zetu Waislamu walikuwa katikati ya mfungo wa Ramadhani. Wako waliosita kupimwa, wakiogopa kupelekwa karantini. Fikirini hali ya mhudumu wakati ule. Yeye ni jirani, mtoto wa mtaa, na papo hapo ni mtumwa wa habari asizozipenda mtu. Mlango uliozoea kumwitikia karibu ukakaa kimya. Na arudipo kwake jioni, huogopa kumkumbatia mtoto wake mwenyewe.

Mwezi wa Julai mwaka ule Kenya ilimpoteza Daktari Doreen Lugaliki, bingwa wa magonjwa ya akina mama na uzazi, daktari wa kwanza nchini kufa kwa Korona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria baadaye kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa ugonjwa huo duniani kote. Hao ni watu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kuwaangalia watu wengine.

Lakini si kila mhudumu anayeanguka huanguka kwa homa. Mwaka 2019 Shirika hilohilo la Afya lilieleza katika orodha yake ya magonjwa hali ya kuchakazwa na kazi, likataja dalili tatu. Ya kwanza ni uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ya pili ni moyo kuipa kazi kisogo, mpaka mtu aliyekuwa mpole anaanza kuwafokea wagonjwa, au anawaona kama namba tu. Ya tatu ni kujiona kwamba hafanyi lolote la maana tena. Basi, msikilizaji, siku utakapofika zahanatini ukakutana na muuguzi mwenye uso mkavu, kumbuka dalili ya pili. Hatusemi kwamba ukali ni haki; mgonjwa anastahili heshima. Lakini huenda uso ule ndio ugonjwa wenyewe, nawe umeuona kabla ya daktari wake.

Mkate kabla ya mahubiri

Sasa tufungue 1 Wafalme 19. Hapa tunamkuta nabii Eliya, mtu wa Mungu asiye na shaka. Jana tu alisimama juu ya mlima Karmeli mbele ya taifa zima. Leo Yezebeli ametuma neno la kumwua, na Eliya anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, kisha anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Anaketi chini ya mti, mretemu, na anamwomba Mungu amtoe roho. Ameona yamemtosha.

Angalieni sasa Mungu anavyomtibu mtumishi wake aliyechoka. Hamkemei. Hamwambii kwamba mtu wa imani hachoki. Hamkumbushi ushindi wa Karmeli ili aone haya. Anamwacha alale. Kisha anatumwa malaika, na malaika yule haji na mahubiri, anakuja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, na analala tena. Malaika hachoki naye. Anarudi mara ya pili, anamgusa, anampa chakula tena, na anakiri kwamba safari ile inazidi nguvu za Eliya. Mungu wa majeshi alianza kumponya nabii kwa mkate, maji na usingizi.

Dawa ya pili ilikuja alipofika Horebu. Bwana alimwuliza anafanya nini pale, na Eliya akayatoa yote yaliyokuwa moyoni: bidii yake, uchungu wake, na kwamba amebaki peke yake. Bwana akamwuliza tena, naye Eliya akayasema yaleyale tena. Bwana hakumkatiza wala hakumwambia kwamba hayo amekwisha kuyasikia. Mtu aliyelemewa huhitaji kuyasema yaleyale mara mbili, na huhitaji mtu wa kumsikiliza mara zote mbili.

Dawa ya tatu ni mwenzake. Eliya alidhani yuko peke yake. Bwana alimwonyesha kwamba wako 7,000 waliosimama imara, kisha akampa Elisha amsaidie na kuishika kazi baada yake. Kazi haikuondolewa. Iligawanywa. Hata Musa alikuwa amefundishwa jambo hilo na mkwewe Yethro katika Kutoka 18: mtu mmoja akiketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamulia watu wote, atachakaa yeye, na watu nao watachakaa pamoja naye.

Basi kama uko mhudumu wa afya unayetusikia, na wewe umefika chini ya ule mretemu, umeanza kusema moyoni kwamba heri ufe, tunakusihi usikae na neno hilo peke yako. Mwambie mtu leo hii: mwenzako wa kazi, mchungaji, au daktari. Hilo si jambo la kuonea haya, wala si uhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichokuwa kikimwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa wa kuhudumiwa. Maandiko yalikuwa yamelionyesha hilo zamani, pale Mungu alipompa Eliya mkate badala ya hukumu.

Mhudumu aliyeugua Rumi

Yuko mtu mwingine katika Agano Jipya ambaye hatajwi sana katika mahubiri. Jina lake ni Epafrodito. Kanisa la Filipi lilimtuma kumhudumia Paulo kifungoni. Alimpelekea vitu, akakaa naye, akamtunza. Na katika kumhudumia Paulo, yeye mwenyewe aliugua, karibu afe. Tena aliona uchungu kwa sababu watu wa kwao wamesikia habari za ugonjwa wake. Hivyo ndivyo walivyo wahudumu: wakiugua, huona kama wamewasumbua watu.

Paulo alifanya nini? Alimhitaji sana Epafrodito, maana yeye mwenyewe alikuwa kifungoni. Lakini alimrudisha kwao. Hakusema, kazi ya Bwana kwanza. Akaandika kwa kanisa lile wampokee kwa furaha yote na kuwaheshimu watu wa namna yake, kwa kuwa alikaribia kifo katika kazi. Hakutaka wamwulize mbona umerudi mapema. Mhudumu aliyerudi amechoka alipokewa kama mtu aliyerudi kutoka vitani.

Wito na ujira

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo limewagawanya watu katika makanisa yetu, nasi hatutaki kulipita kando. Madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100, kutoka Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Wauguzi wakagoma kutoka Juni mpaka Novemba mwaka huohuo wa 2017. Madaktari wakagoma tena siku 56 katika mwaka 2024. Wakati huo ulikuwa mchungu. Maskini asiye na fedha za hospitali ya kulipia ndiye aliyefika akakuta mlango umefungwa. Waumini wengi waliuliza: je, mtu mwenye wito aweza kuweka chombo chini?

Hatusemi kwamba kila mgomo ni wa haki, wala hatutaki kuyapunguza machungu ya waliofiwa. Lakini neno wito tulitumie kwa adabu. Wito ni sauti ya Bwana kwa mtumishi wake. Si neno la mwajiri la kumnyamazisha mfanyakazi ambaye mshahara wake umechelewa. Bwana Yesu alipowatuma wale sabini katika Luka 10, aliwatuma kwa wito hasa. Hata hivyo aliwaambia wale na wanywe watakavyopewa, kwa sababu mfanyakazi ana haki ya ujira wake. Tena aliwatuma wawili wawili. Wito wa Bwana ulikuja na chakula na mwenzi wa safari. Wito usio na chakula, usio na glavu, usio na likizo, na unaomtuma mtu mmoja kufanya kazi ya wanne, tuuchunguze umetoka kwa nani.

Na Bwana mwenyewe, katika Marko 6, alipoona mitume wamerudi kazini na watu wamewasonga hata hawapati nafasi ya kula, hakuwasifu kwa kukaa na njaa. Aliwachukua chomboni wakaenda mahali pasipo na watu, wapumzike. Wagonjwa walikuwepo siku ile. Yesu aliwaona. Hata hivyo aliona kwamba na mitume nao ni watu.

Imani na glavu

Jambo jingine. Wako wanaodhani kwamba mwenye imani hana haja ya kujikinga. Tukumbuke habari za kwetu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa kwa kazi ya Injili, pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka uleule Rosine akajifungua, akashikwa na homa, akafa. Na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf naye alikuwa hoi kwa homa. Kaburi la Rosine liko bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Je, Rosine alikufa kwa kukosa imani? Hasha. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Wao hawakuwa na maarifa hayo. Sisi tunayo, na maarifa ni kipawa cha Mungu. Kwa hiyo mhudumu anayevaa glavu na barakoa, anayelala ndani ya chandarua, anayepata dozi zake za chanjo ya homa ya ini ya aina B, hapunguzi imani. Anashukuru kwa kile ambacho Rosine hakupata.

Na mkichomwa na sindano iliyokwisha kutumika, ndugu zetu, msifiche kwa haya wala kwa kuogopa kulaumiwa. Osheni mahali pale kwa sabuni na maji, toeni habari mara moja, na mwanze dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI mapema iwezekanavyo. Baada ya saa 72 hazianzishwi. Huendelea kwa siku 28. Muuguzi anayewahimiza wengine kumaliza dozi naye na amalize yake.

Tufanye nini?

Pengine unauliza, mimi si daktari wala si serikali, nifanye nini? Yako mambo ambayo usharika wowote waweza kuyafanya, hata ule mdogo kabisa.

Kwanza, msimgeuze mhudumu kuwa zahanati ya kanisa. Muuguzi ametoka zamu ya usiku, amekuja ibadani. Mlangoni mtu anamwonyesha jipu, wa pili anataka kupimwa presha, wa tatu anamwuliza dawa ya mtoto, na kamati imekwisha kumpanga kwenye huduma ya kwanza ya mkutano bila kumwuliza. Yeye naye ni kondoo. Jumapili mwacheni aketi, aimbe, alishwe.

Pili, pigeni hodi kwake. Akina mama wa kanisa wanajua kupeleka chakula kwa aliyejifungua na kwa aliyefiwa. Kipelekeni pia kwa mkunga ambaye wiki hii ana zamu ya usiku. Wakaeni watoto wake ili alale mchana. Kumbukeni mkate na gudulia la maji. Malaika hakuleta zaidi ya hapo.

Tatu, mpeni mahali pa kusema. Wazee na wachungaji, tengeni saa moja katika mwezi, wahudumu wakutane, mlango ufungwe, waseme yaliyowalemea bila kutaja majina ya wagonjwa. Msikimbilie kuwajibu. Na mkiona mmoja halali, hali, au anazungumza habari za kufa, mshikeni mkono mmpeleke kwa daktari, wala msimwache peke yake.

Nne, watajeni katika maombi ya Jumapili, pamoja na wafagiaji na wapokeaji, maana nao hushika damu na matapishi, na jina lao halisomwi popote.

Tano, semeni kwa niaba yao. Posho ikichelewa, glavu zikikosekana, muuguzi mmoja akiachiwa foleni ya watu mia, barua ya usharika kwa wakuu wa kaunti ina uzito kuliko manung'uniko ya barazani. Na katika mji kama huu wetu msiandike peke yenu. Mhudumu wa Mji wa Kale huingia nyumba ya Mwislamu na nyumba ya Mkristo kwa mfuko uleule. Kanisa na msikiti wanaweza kumtetea kwa sauti moja.

Nanyi wahudumu, tuna neno moja kwenu. Kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi hunyolewa akikubali kuketi. Pimeni presha yenu na sukari yenu. Chukueni likizo yenu. Mtu akiwaletea chakula, msiseme hapana, wapelekeeni wengine. Mwenzako akikuuliza hali, usijibu njema kwa mazoea tu. Keti kitini, inamisha shingo, mwachie mwenzako wembe.

Tuombe

Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, twawaleta mbele zako wahudumu wa afya wa kisiwa chetu na wa nchi yetu yote. Wale walio zamu saa hii, uwape macho na mikono imara. Wale waliolala baada ya zamu, uwalinde usingizi wao. Wanaoogopa kurudi kazini kesho, uwape mwenzi wa kwenda naye. Waliougua katika kuwahudumia wengine, uwaponye. Na nyumba za waliokufa kazini, uzifariji. Wape wenye mamlaka moyo wa kulipa haki ya mfanyakazi kwa wakati wake. Nasi utufanye wepesi wa kupiga hodi, na mkate mkononi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wasikilizaji wapendwa, Mungu awabariki nyote. Na kama jirani yako ni muuguzi, usizime redio ukakaa. Nenda ukamjulie hali.